Mafunzo tarajali kama mlango wa programu huria: mwongozo kwa viongozi wa miradi

Mwaka 2006 wasimamizi wa GNOME, mradi wa programu huria unaotengeneza madirisha, menyu na programu za kila siku kwa kompyuta zinazotumia Linux, walipokea maombi 181 ya vijana waliotaka kufanya kazi nao kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa posho wageni wachangie programu huria. Hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Wangeweza kuishia kusema kwamba wanawake hawavutiwi na mambo hayo. Badala yake walitenga fedha za nafasi chache, wakazitangaza waziwazi kuwa ni za wanawake, na wakapokea maombi yapatayo mia moja kutoka kwa watu wenye uwezo mkubwa. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ulikuwa uleule na leseni ileile, na kila mtu duniani alikuwa na haki ya kuupakua hata kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni mwaliko na posho.

Mpango huo ulifufuliwa mwaka 2010 kwa juhudi za Marina Zhurakhinskaya, ukapanuliwa kwa miradi mingine nje ya GNOME, na mwaka 2015 ukapewa jina la Outreachy ulipohamia chini ya Software Freedom Conservancy, shirika lisilo la faida linalolea miradi ya programu huria. Kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeshapitisha wanagenzi 1,000, wakiwamo wengi kutoka Afrika. Ndio mfano nitakaourejea zaidi hapa, kwa sababu taratibu zake ziko wazi na zimejaribiwa kwa muda mrefu, ingawa si kila mradi utaweza, au utapenda, kuzifuata zote.

Kwetu jambo hili la kujifunza kazini lina majina mengi. Mwanafunzi wa Tanzania huenda fildi, wa Kenya huenda atachi, na barua za serikali huandika mafunzo tarajali. Nitamwita anayejifunza mwanagenzi na anayemwongoza mlezi. Mimi mwenyewe nimekuwa mlezi kwa misimu kadhaa katika mradi mdogo wa programu za zahanati, na yale nitakayoyaeleza mengi nimeyajua baada ya kuyakosea. Somo kubwa nililolipata ni kwamba mahali anapokwama mwanagenzi ndipo walipokwama wengine kabla yake, ambao hatukuwahi kuwajua kwa kuwa waliondoka kimya kimya. Yeye hubaki kwa sababu analipwa na ana mtu wa kumweleza. Mradi unaotaka kupokea watu wa aina nyingi zaidi hukichukua kila kikwazo chake kama taarifa ya hitilafu, na kukiondoa kwa ajili ya wote watakaofuata.

Rekebisha nyumba kabla ya kualika

Katika msimu wangu wa kwanza tulimpokea binti aliyekuwa akisoma Morogoro. Ukurasa wetu wa maelezo ulisema kwamba kusakinisha mradi huchukua dakika kumi na tano. Yeye alitumia siku nne. Alikuwa na kompyuta mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 4, ilhali maelezo yote yaliandikwa na watu wanaotumia Linux, wenye mashine kubwa na intaneti isiyopimwa. Amri ya tatu katika ukurasa ule ilivuta mafaili ya karibu GB 5. Bando lake la wiki lilikatika katikati, na aliponunua jingine upakuaji ulianza upya tangu mwanzo. Hakutuambia. Nilipomuuliza anaendeleaje alijibu, “Niko vizuri, naendelea.” Siku ya tano ndipo aliponitumia picha ya skrini, na chini yake ameandika “samahani” mara tatu, wakati waliopaswa kuomba samahani ni sisi.

Kwa hiyo, wiki sita hivi kabla ya kutangaza nafasi, mwombe mtu asiyeujua mradi, mwenye kompyuta ya kawaida, ausakinishe kwa kufuata maandishi peke yake huku wewe umekaa pembeni bila kusema neno. Andika kila mahali anapokunja uso. Pima saa alizotumia, na pima pia megabaiti, kwa sababu megabaiti kwa mtu wa bando ni fedha. Kisha punguza: weka faili dogo la data za majaribio badala ya lile kubwa, andika hatua za Windows, eleza namna ya kuendeleza upakuaji uliokatika, na ikiwezekana andaa seva ya majaribio ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi kwa mbali bila kusakinisha chochote. Sisi tuliishusha ile GB 5 ikawa chini ya GB 1, na hakuna aliyelazimika kuacha kazi nyingine kwa ajili hiyo kwa zaidi ya wikiendi mbili.

Faida ya kazi ya namna hii haiishi kwa wanagenzi. Wakati mradi wa kiini (kernel) cha Linux ulipojiunga na mpango huu wa Outreachy mwaka 2013, uliandikwa mwongozo wa hatua kwa hatua wa kutuma rekebisho la kwanza, ukawekwa katika tovuti ya KernelNewbies, na wageni wengine wasiohusika kabisa na mafunzo hayo wakawa wanaufuata. Jumuiya iliyokuwa ikijulikana kwa ukali wake ilipata ukurasa wa kumshika mgeni mkono kwa sababu kulikuwa na watu maalumu waliotarajiwa kufika tarehe fulani.

Jambo jingine la kuandaa mapema ni kanuni za mwenendo. Nyingi nilizoziona zimenakiliwa tu na kubandikwa. Kanuni zenye maana hutaja watu wawili wa kupelekewa malalamiko, angalau mmoja wao asiwe rafiki wa karibu wa kiongozi wa mradi, na hueleza mlalamikaji atajibiwa kwa muda gani. Ikiwa mchangiaji wenu mahiri kuliko wote ndiye anayetukana watu katika uhakiki, yaani anapokagua michango yao, nanyi mnamvumilia kwa sababu ya msimbo wake, ahirisheni mafunzo hadi mmemalizana naye, maana mwanagenzi atakutana naye ndani ya wiki ya kwanza.

Fedha

Lipa. Kuna waandaaji wanaoamini kwamba cheti na uzoefu vinatosha, nao huishia kupata vijana ambao wazazi wao wanaweza kuwatunza kwa miezi mitatu bila kipato, yaani watu walewale ambao wangefika hata bila mpango wowote. Katika miaka ya karibuni Outreachy imekuwa ikilipa dola 7,000 za Marekani kwa kila mwanagenzi, awe Kampala au Berlin. Google Summer of Code hupanga posho kwa kuangalia gharama za maisha za nchi anayoishi mtu, hivyo wa kwetu hupata kidogo kuliko wa Ulaya. Naelewa hesabu hiyo, lakini bei ya kompyuta Kariakoo haishuki kwa sababu mshahara wa mnunuzi ni mdogo, na mtu anayeona kwamba mwenzake analipwa zaidi kwa kazi ileile hujifunza haraka nafasi yake katika jumuiya. Mimi huchagua kiwango kimoja.

Mradi mdogo usio na wafadhili unaweza kujiunga na Outreachy kama jumuiya, ambako kwa kawaida utatakiwa kupata fedha za angalau mwanagenzi mmoja, au unaweza kuandaa msimu wake wenyewe kwa kiwango cha chini zaidi. Ukiandaa wako, afadhali mwanagenzi mmoja anayelipwa vizuri kuliko wanne wanaopewa nauli. Toa awamu ya kwanza kabla kazi haijaanza, kwa kuwa bando hununuliwa kabla ya kutumika na pengine kompyuta inahitaji betri mpya. Muulize mapema ni njia gani ya malipo inamfikia kwa makato madogo. Muulize pia kama jina lililo kwenye kitambulisho chake linafanana na la akaunti ya benki. Swali hili huonekana dogo, lakini nimeshuhudia malipo yakikaa wiki tano kwa sababu kitambulisho cha taifa cha NIDA kina majina matatu na akaunti ina mawili, na katika wiki hizo tano mwanagenzi alikopa ili aendelee kutufanyia kazi.

Alika kwa kutaja

Kabla ya kuandika tangazo, fungua orodha ya waliochangia mradi mwaka uliopita na ujiulize ni nani hayumo. Jibu hutofautiana kwa nchi. Outreachy haitumii orodha moja kwa dunia nzima, bali humtaka mwombaji aeleze kwa insha fupi ni kwa namna gani watu wa hali yake ni wachache au wanabaguliwa katika kazi za teknolojia nchini mwake. Kwetu wasiokuwamo wanaweza kuwa wanawake, watu wenye ulemavu, waliosoma vyuo vya mikoani, waliojifundisha wenyewe bila shahada, au wakimbizi waliomo makambini. Wataje katika tangazo. Neno “wote mnakaribishwa” husomwa na kila mtu, lakini anayejiona mgeni hudhani kwamba linamhusu mwingine.

Tangazo liseme mambo manne bila kuzunguka: posho ni kiasi gani, saa za kazi kwa wiki ni ngapi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza ni lini, na nini hakihitajiki. Hili la mwisho husahaulika mno. Andika kwamba shahada haihitajiki, kwamba Kiingereza chenye makosa hakitampunguzia mtu nafasi, kwamba si lazima awe amewahi kuchangia mradi wowote. Lisambaze kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya wanafunzi, na kwa wakufunzi wa vyuo wanaosimamia fildi, kwa kuwa ndio wanaojua nani amekosa mahali pa kwenda.

Angalia kalenda pia. Misimu ya Outreachy huanza Mei na Desemba, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tanzania huwa darasani kwa sehemu kubwa ya misimu yote miwili, kwani likizo yake ndefu iko kati ya Julai na Oktoba. Mradi unaopanga msimu wake mwenyewe unaweza kuuweka hapo hapo, na mwanafunzi akahesabiwa fildi yake chuoni bila kulazimika kuchagua kati ya posho na alama.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika hivi kutafuta watu. Jibu langu hutokana na kazi yenyewe. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutumiwa na wauguzi na makarani katika vituo ambavyo waandishi wengi wa programu duniani hawatavitembelea kamwe. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata zenyewe kuchora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika, na yote yakaingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Picha ya setilaiti inaweza kukuonyesha paa, lakini maji ya mvua za masika yalifika wapi kwenye ukuta wa nyumba anajua aliyekuwa akiyachota kwa ndoo.

Kuchagua bila kuchosha

Outreachy huchagua kwa hatua mbili: kwanza insha zinazoangalia sifa na muda alionao mwombaji, kisha kipindi cha wiki kadhaa ambacho waliopita hufanya kazi ndogo ndogo katika mradi halisi na kuhakikiwa na walezi. Naupenda utaratibu huu kuliko wasifu na usaili, kwa sababu anayejua kujieleza mbele ya watu si lazima awe ndiye anayejua kusoma msimbo wa mtu mwingine kwa subira. Lakini una kasoro yake: kipindi hicho hakilipwi, na kwa mtu anayefanya kibarua mchana ni mzigo mkubwa. Weka kikomo. Sema wazi kwamba michango miwili au mitatu inatosha, na kwamba wa kumi na tano hautasomwa. Kisha utii ulichosema, usije ukavutiwa na yule aliyetuma kumi na tano.

Tatizo jingine ni kugombania kazi. Ukiorodhesha kazi ishirini za kuanzia, zitachukuliwa ndani ya saa moja na wale walio macho na wenye mtandao wakati huo, na waliobaki wataandika “naomba nipewe kazi” chini ya kila kitu kwa wiki nzima. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuandaa zoezi moja ambalo kila mwombaji hulifanya kivyake, kwa mfano kusoma faili la data za zahanati ya kubuni, kutafuta makosa matatu yaliyofichwa humo na kupendekeza namna ya kuyazuia. Hapo hakuna anayemtangulia mwenzake, nawe unapata majibu unayoweza kuyalinganisha.

Unapolinganisha, tazama mwombaji alifanya nini baada ya uhakiki wa kwanza. Yule aliyeanza vibaya, akasoma maelezo yako, akauliza swali moja la maana na kurudi na kazi iliyonyooka, ndiye mtu wa kufanya naye kazi kwa miezi mitatu. Mjibu kila mmoja ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni kwamba bado hujasoma. Na wale wasiopata nafasi waandikie kwa majina yao, ukitaja jambo moja walilofanya vizuri, kwa maana mchango wao ulioingia mradini umeshawafanya kuwa wachangiaji, na baadhi yao watarudi wakiona wametendewa kiungwana.

Ulezi, na lugha ya heshima

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila mwanagenzi awe na walezi wawili, ili mmoja akisafiri au akiugua mwingine awepo, na kila mlezi awe na angalau saa tano kwa wiki ambazo mwajiri wake anazitambua. Mlezi anayejitolea usiku baada ya kazi yake nyingine atachoka ifikapo wiki ya nne, na uchovu wake utasomeka katika uhakiki.

Vijana wetu wengi wamelelewa kutombishia mkubwa na kutomsumbua kwa maswali. Wakiandika kwa mara ya kwanza huanza na salamu ndefu, hali ya afya, na kutumaini kwamba familia haijambo. Mlezi wa mbali asiyejua desturi hiyo hurukia swali lililo mwishoni na kujibu kwa maneno manne. Aliyeandika salamu zile huhisi amefungiwa mlango. Wengine huandika “Sir” hata kwa mlezi mwanamke, kwa mazoea ya barua za maombi ya kazi. Mlezi asicheke wala asikasirike; ajibu salamu kwa sentensi moja, aseme anapenda kuitwa nani, kisha aingie kwenye kazi.

Swali “Umeelewa?” lifutwe kabisa, kwa sababu jibu lake kwetu ni “Ndiyo” siku zote. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa, mwambie, “Nieleze utaanzia faili gani, na unatarajia kuona nini ukimaliza.” Vivyo hivyo “Kuna tatizo lolote?” huleta “Hakuna.” Baada ya lile tukio la Morogoro nilibadili swali langu la kila asubuhi likawa: “Jana ni kitu gani kilikupotezea muda mwingi zaidi?” Swali hili halimlazimishi mtu kukiri udhaifu, maana kila mtu jana kuna kitu kilimpotezea muda. Majibu yalianza kuja siku ileile.

Uhakiki nao una lugha yake. Mlezi mmoja wa mradi wetu, mtu mwema kabisa, aliwahi kuandika chini ya mchango wa mwanagenzi: “Hapana. Hii si sahihi. Rudia.” Kwake hayo yalikuwa maneno ya kazi tu, naye angeyapokea vilevile kutoka kwa mwingine bila kuhisi chochote. Mwanagenzi hakuonekana kwa siku tatu. Tulikaa naye mlezi yule tukaandika upya: “Asante, umelipata faili lenyewe. Njia hii itavunjika mgonjwa akiwa hana tarehe ya kuzaliwa, na wapo wengi. Jaribu na rekodi ya saba utaliona. Ukikwama nitafute kabla ya saa kumi.” Kosa limetajwa vilevile na kazi inarudiwa vilevile, ila sasa mtu ana mahali pa kuanzia na anajua kwamba hajafukuzwa.

Outreachy huwataka wanagenzi waandike hadharani kila baada ya wiki mbili, na mada mojawapo ya mwanzoni huhusu namna kila mtu anavyohangaika na jambo asilolijua. Nakushauri mlezi aiandike kwanza yeye. Nilipoeleza mbele ya kundi zima jinsi nilivyowahi kufuta jedwali la data za majaribio la ofisi nzima siku ya Ijumaa jioni, maswali ya wanagenzi yaliongezeka wiki iliyofuata kuliko kwa hotuba yoyote niliyowahi kutoa ya kuwatia moyo.

Mambo ya saa yanahitaji aya yake. Mkutano wa 15:00 UTC, yaani kwa saa ya kimataifa, ni saa kumi na mbili jioni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa kumi na moja jioni Kigali, Bujumbura na Goma. Andika zote mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu mtu akisema “tukutane saa tatu” mwenzake wa ng’ambo ataelewa tisa. Ulaya na Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi, kwa hiyo mkutano utahama bila mtu kuuhamisha. Kisha muulize mwanagenzi saa hiyo nyumbani kwao kuna nini. Saa kumi na mbili jioni binti anayeishi na familia huwa jikoni, na mwezi wa Ramadhani ni wakati wa kufuturu. Tulipouhamishia mkutano wetu saa nne asubuhi, aliyeshangaa ni mlezi, ambaye hakuwahi kujua kwamba ile kelele ya sufuria nyuma ya kipaza sauti ilikuwa ni mtu anayepika akiwa kikaoni.

Kazi yenyewe

Mpe mwanagenzi kazi ambayo mradi unaihitaji kweli, lakini ambayo haitazuia toleo jipya ikichelewa. Igawe vipande vya wiki mbili mbili, kila kimoja kikiwa na manufaa hata kama vinavyofuata havitafanyika. Katikati ya msimu kaeni mpunguze mpango, kwani karibu kila mpango nilioujua uliandikwa na mtu aliyesahau kwamba mgeni hujifunza kwanza. Umeme ukikatika wiki nzima au mtu akiugua, ongeza muda. Hata Outreachy huruhusu msimu kusogezwa mbele kwa wiki kadhaa.

Si lazima iwe kazi ya msimbo. Kuchora mwonekano, kuandika maelezo, kupanga data, kutafsiri, vyote ni michango kamili. Toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, lililoitwa Jambo OpenOffice, lilitoka mwaka 2004 kwa kazi ya mradi wa Kilinux iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na bila watu waliokaa kujadili menyu moja moja iitweje lisingekuwapo. Tahadhari yangu ni moja: ukiona kila mwaka wanawake wanapewa maelezo na tafsiri huku wanaume wakipewa msimbo, basi jumuiya imepanuka mlangoni na kubaki ilivyokuwa chumba cha ndani. Mwache mwombaji achague mwenyewe.

Siku ya baada ya mwisho

Miradi mingi humpongeza mwanagenzi, humpa cheti, halafu humsahau. Wiki mbili kabla ya mwisho, muulize anataka kuendelea na nini, kwa saa ngapi, na usichukie akisema anatafuta ajira, kwani kodi ya nyumba hailipwi kwa michango. Mwandikie barua inayotaja kwa majina kazi alizozifanya na mahali zinapoonekana. Anayebaki mpe jukumu linaloonekana: haki ya kuidhinisha michango ya wengine katika sehemu anayoijua, au nafasi ya mlezi wa pili msimu unaofuata.

Fanyeni pia mazungumzo ya kuagana, na ayaendeshe mtu ambaye hakuwa mlezi wake. Aulizwe ni ukurasa gani ulimdanganya, ni nani aliogopa kumwandikia, na ni siku gani alikaribia kuacha. Majibu yaingizwe katika orodha ya hitilafu za mradi pamoja na nyingine zote, yakiwa na mtu aliyekabidhiwa na tarehe, ila jina la aliyesema lisiwemo.

Baada ya mwaka mmoja, fungua tena ile orodha ya wachangiaji uliyoitazama kabla ya tangazo, lakini safari hii usihesabu waliochangia. Hesabu wenye haki ya kuidhinisha na kukataa. Kwetu walikuwa saba, wote wanaume, watano wakiishi nje ya Afrika. Sasa ni tisa, wawili wakiwa wanagenzi wa zamani, na mmoja wa hao wawili ndiye anayesimamia ukurasa wa usakinishaji: hakuna badiliko linaloingia humo kabla hajalijaribu kwenye kompyuta ya GB 4.